Mwandishi wa Maelezo na Swali la Msomaji

Miongoni mwa watu wote wanaojipatia riziki kwa kalamu, hakuna asiyejulikana kama yule anayeandika maelezo ya kiufundi. Mshairi hutajwa darasani, mtunzi wa riwaya hutahiniwa, na hata mwanahabari chipukizi huliona jina lake gazetini na kulikata alitunze. Lakini ni nani aliyewahi kuuliza jina la mtu aliyeyaandika yale maneno yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya viwavi, au kile kikaratasi anachopewa mkulima pamoja na mfuko wa mbegu? Ilhali mtu huyo akikosea nukta moja, msomaji wake hapotezi alama katika mtihani. Anapoteza msimu mzima.

Kazi hiyo nimeifanya mjini Kitale kwa miaka mingi, baada ya kufundisha Kiswahili katika shule za upili za Bungoma. Kitale ni mahali panapofaa kwa kazi ya namna hii. Utafiti wa mbegu za mahindi ulianza hapo katika miaka ya hamsini. Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliundwa mwaka 1956. Na ilipofika mwaka 1964 mkulima alipata mbegu chotara ya kwanza, H611, iliyozaliwa kwa kuyakutanisha mahindi ya Kitale na mengine yaliyotoka Ecuador. Tangu siku hizo nyanda hizi hazijapungukiwa na wataalamu, na palipo na mtaalamu hapakosi kuhitajika mtu wa kuyageuza maneno yake yakaeleweka na asiyekuwa mtaalamu. Mtu huyo ndiye mimi.

Utaratibu wetu wa zamani ulikuwa hivi. Mtafiti aliandika kwa Kiingereza, nami nikaandika kwa Kiswahili. Kamati ilikaa, ikabadilisha koma, ikaondoka. Karatasi ilikwenda kwa mpiga chapa, ikarudi ikiwa na picha ya mahindi yaliyonona kuliko yote niliyowahi kuyaona shambani, kisha ikagawanywa katika siku za wakulima na katika maonyesho ya kilimo ya Kitale. Wengine waliisoma, na wengine waliifungia njugu. Katika miaka yote hiyo sikupokea barua hata moja kutoka kwa msomaji. Mimi, kwa ujinga wangu, niliuchukua ukimya huo kuwa ushahidi kwamba maandishi yangu yanaeleweka.

Ukimya huo ulivunjwa na mdudu. Mwaka 2016 kiwavijeshi kutoka bara la Amerika alionekana Afrika Magharibi, na kufikia Machi 2017 alikwisha kuingia katika mashamba ya magharibi mwa Kenya, Trans Nzoia na Bungoma zikiwa miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuumia. Wakulima walimdhania kuwa kiwavijeshi waliyemzoea, na wengine wakamwita funza wa mabua. Ofisi niliyokuwa nikiifanyia kazi wakati huo ilifanya kama ilivyozoea: iliita kamati. Karatasi yetu ilikuwa bado inasahihishwa koma wakati vijana wa Kimilili na Kiminini walipokwisha kuzipiga picha za mdudu huyo kwa simu zao na kuzisambaza katika vikundi vya WhatsApp na katika Facebook, zikiwa na alama yake wazi kabisa: herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Picha hizo zilikuwa sahihi. Yaliyofuatana nazo ndiyo yaliyokuwa mchanganyiko. Mmoja alisema tia jivu katika moyo wa mhindi, wa pili udongo, wa tatu sabuni ya unga, wa nne pilipili, na wa tano akataja dawa fulani bila kutaja kipimo. Ushauri mwingine ulikuwa na chembe ya ukweli, na mwingine ulikuwa hatari kwa mnyunyizaji kuliko kwa mdudu.

Tulipochapisha karatasi yetu mahindi yalikuwa yamefika mabegani. Ilikuwa karatasi nzuri. Ilieleza kwamba kiwavi huyo hujificha ndani ya moyo wa mhindi mchana kutwa, na kwa hiyo mkulima anyunyize alfajiri au jioni, akielekeza bomba humo humo moyoni na si juu ya majani. Lakini haikuwa na wa kumsaidia tena msimu huo. Ndipo nilipokwenda kwa binti wa dada yangu na kumwomba, kwa unyenyekevu ambao sikuuzoea mbele ya watoto, anifundishe kuitumia simu yangu kwa kazi.

Naomba msomaji asije akadhani kwamba kujifunza kwenyewe kulikuwa katika vitufe. Vitufe nilivijua kwa juma moja. Wapo waliotutangulia kwa mbali katika njia hizi: jarida la The Organic Farmer limekuwa likisomwa na wakulima tangu mwaka 2005, ndugu zetu wa Tanzania wanalo Mkulima Mbunifu tangu mwaka 2011, na Shamba Shape Up ilianza kuonekana katika televisheni mwaka 2012. Wote hao wametambua mapema kwamba mkulima wa leo ana simu mfukoni. Lakini nilichokuwa sijakitambua mimi ni kwamba kuiandikia simu ni kuandika mahali ambapo msomaji ana mdomo.

Somo la kwanza nilipewa na mwalimu mstaafu wa hisabati kutoka Kimilili. Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha wakulima, nikajitambulisha kwa heshima zote, na kuweka humo karatasi yangu ya zamani ya upandaji, ambayo niliionea fahari. Ilisema hivi: panda kwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 25 kati ya shina na shina, tia kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia katika kila shimo, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha ekari moja. Maneno hayo yalikuwa yamepita mbele ya kamati mbili na kuchapishwa mara tatu.

Haikupita saa moja. “Mwalimu mwenzangu,” aliandika mzee huyo, “ekari moja ina mita mraba 4,047. Ukizigawanya kwa nafasi uliyotupa, utapata mashimo 21,584. Kizibo cha soda tukikikadiria kuwa gramu 5, hizo ni kilo 108 hivi. Sasa tuambie, tununue mfuko mmoja au mifuko miwili na zaidi? Au tubadilishe kizibo?”

Nilikaa na simu mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Hesabu yake haikuwa na doa. Mtaalamu mmoja alikuwa ametupa kiasi cha mbolea kwa ekari, mwingine akatupa kipimo cha kizibo, nami nikazishona sentensi zao pamoja kwa Kiswahili sanifu bila kufanya hesabu yoyote. Kwa miaka kadhaa wakulima walikuwa wakifika katikati ya shamba mfuko ukiisha, nao bila shaka wakajilaumu kwamba wamemwaga. Hawakuwa na pa kuuliza. Karatasi haikuwa na sikio.

Niliwarudia wataalamu, wakashauriana, na siku ya nne nikaandika masahihisho katika kikundi kile kile, nikikiri kosa kwamba ni langu. Kuna wakubwa walioniambia kwamba nimeiaibisha ofisi. Mimi naona kwamba aibu ilikuwepo tangu siku ya kwanza ya kuchapishwa. Kilichoongezeka ni mtu wa kuiona.

Somo la pili lilikuwa chungu zaidi, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo.

Mwezi wa Agosti, mwaka 2019, nililetewa ujumbe na mama mmoja wa upande wa Bumula, kusini-magharibi mwa mji wa Bungoma. Ujumbe wenyewe uliandikwa na bintiye, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa mwandiko ule wa vijana wa kukata maneno nusu. Ulisema kwamba mahindi yao yangali mabichi, ilhali majirani wamekwisha kuvuna na wanapanda maharagwe ya mvua za vuli. Wafanyeje? Nikauliza ni mbegu gani waliyopanda. Badala ya jibu nikaletewa picha, na katika picha hiyo nikaiona kazi ya mikono yangu: ukurasa wa mbele wa karatasi niliyoiandika kwa ajili ya wakulima wa Trans Nzoia, ikiwasifia mbegu za tarakimu ya 6.

Msomaji asiye mkulima anahitaji ufafanuzi hapa. Tarakimu ya kwanza katika jina la mbegu hizi si pambo. Zile zinazoanza na 6 zimekusudiwa nyanda za juu kama Kitale, penye mwinuko wa karibu mita 1,900, ambako mahindi hukaa shambani miezi sita na zaidi na mkulima hutegemea msimu mmoja mkubwa. Zile zinazoanza na 5 ni za mwinuko wa kati, nazo hukomaa mapema. Bungoma mjini ni kama mita 1,400 tu, na kuelekea Bumula huzidi kuteremka. Huko kuna mvua za masika na za vuli, na mkulima mwerevu huvuna mara mbili. Mbegu ya nyanda za juu ikipandwa huko, huota vizuri, hurefuka vizuri, na hulishikilia shamba mpaka msimu wa pili umpite mwenyewe hivi hivi anautazama.

Je, sikuwa nimesema hayo? Nilikuwa nimeyasema, tena kwa ufasaha, katika ukurasa wa nyuma: maelezo haya yanahusu maeneo yaliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Lakini mtu fulani, mahali fulani, aliupiga picha ukurasa wa mbele wenye ile picha ya mahindi yaliyonona, akautuma kwa rafiki, naye akautuma kwenye chama cha akina mama, na kadhalika, hata ukafika Bumula bila mgongo wake. Na hata kama mgongo ungefika, ni mkulima gani huamka asubuhi akijua yuko mita ngapi juu ya bahari ambayo hajaiona?

Nilimpigia simu mama yule, maana jambo kama hilo haliandikwi. Hakunilaumu. Aliniambia tu, “Mwalimu, ile karatasi haikuniuliza niko wapi.” Tulishauriana aondoe majani ya chini ya mahindi na apande maharagwe katikati ya mistari katika sehemu ya shamba. Alifanya hivyo, akapata kidogo. Karo ya muhula wa tatu wa binti yule aliyetuandikia ilitoka, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, katika kuuzwa kwa ndama.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna yangu ya kuandika, na walimu wa Kiswahili wanisikilize hapa, kwa sababu mabadiliko yenyewe ni ya sarufi na mtindo kuliko ya simu. Zamani niliandika: “Inashauriwa kwamba mbegu ipandwe mapema.” Sentensi hiyo haina mtu, haina mahali, haina siku. Mtendaji wake amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa kama mdeni anayemkwepa mdai. Siku hizi naandika: “Wewe uliye Endebess, Kiminini au Cherangany, panda mbegu za tarakimu ya 6 mvua za Machi zikianza. Uliye Bumula au Kanduyi, hizi si zako.” Nimeweka mahali ndani ya sentensi yenyewe ili anayeikata asiweze kukitoa kichwa akakiacha kiwiliwili. Mwaka nauandika ndani ya picha, si chini yake, kwa maana chini hukatwa. Na kipimo cha dawa sikitumi kamwe bila kukitaja pamoja na ukubwa wa bomba na jina kamili lililo kwenye chupa. Si kila kizibo kinalingana na kizibo kingine, na mkulima aliyezoea kupima kwa kizibo hatakwenda kununua kipimo cha maabara kwa kuwa mimi nimeandika mililita.

Hapana haja ya kujidanganya kwamba teknolojia itatusahihishia. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018 WhatsApp huweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na kwamba mwaka 2019 walipunguza idadi ya mazungumzo unayoweza kuutumia ujumbe kwa mara moja hadi 5, na mwaka 2020 wakaukaza mkanda zaidi kwa ule uliokwisha kupita mikono mingi. Mwaka 2023 walituruhusu kuusahihisha ujumbe, lakini ndani ya dakika 15 tu. Hesabu ya mwalimu wa Kimilili ilichukua karibu saa moja! Zaidi ya hayo, picha ya karatasi ikishahifadhiwa katika simu ya mtu, hakuna kufuli la kampuni yoyote litakaloizuia.

Nimewasikia baadhi ya wataalamu wakisema kwamba si hadhi yao kubishana na kila mtu mwenye simu. Wanapenda kuwa na ukurasa wa Facebook, la hasha, hawaukatai, lakini wanauendesha kama ubao wa matangazo uliofungiwa kioo: wanabandika na kwenda zao, kisha mwisho wa mwezi wanawahesabia wafadhili waliobonyeza kidole cha kupenda. Kidole hicho hakinishawishi. Mtu anaweza kupenda picha ya mahindi kama anavyopenda picha ya bibi harusi, bila kukusudia kuoa. Ninayemthamini ni yule anayeandika, “Sijaelewa hapo pa mbolea,” kwa kuwa huyo amesoma.

Hoja yao nyingine ina uzito, nami sitaipuuza. Wanasema kwamba wengi wa wakulima wetu hawana simu za namna hiyo. Wana zile ndogo tunazoziita mulika mwizi, na wengine wanayo simu kubwa lakini data imekwisha tangu Jumanne. Ni kweli. Ndiyo maana karatasi haijafa, wala redio, wala afisa wa kilimo anayefika kwa pikipiki penye tope. Hata shirika la One Acre Fund, lililoanza kazi Bungoma mwaka 2006 na familia chache tu, lilijengwa juu ya watu wanaokutana na wakulima uso kwa uso. Lakini kumbuka jinsi ujumbe wa Bumula ulivyonifikia: mama hakuwa na simu ya kuuandikia, aliyekuwa nayo, kwa kuazima, alikuwa bintiye. Katika nyumba nyingi za huku msomaji wangu wa kwanza ni mtoto wa shule, ambaye humsomea mama au babu kwa sauti, akitafsiri kwa Lubukusu au Kisabaoti huku anasoma. Kwa sababu hiyo, kila ninachoandika sasa nakisoma kwanza kwa sauti. Sentensi inayonikata pumzi itamkata pumzi na huyo mtoto, na akikatwa pumzi ataruka. Mara nyingine naacha kuandika kabisa na kutuma ujumbe wa sauti wa dakika moja, nikianza kwa “mulembe” nisije nikaonekana sina adabu.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni la walimu na wanafunzi kabla halijawa la wakulima. Kwa miaka mingi tumefundisha uandishi wa kiuamilifu kana kwamba ni maumbo ya kukariri: anwani hapa, tarehe pale, mstari chini ya kichwa. Sajili tumeifanya kuwa orodha ya sifa za kukumbuka. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za maagizo ya kupika chapati ambazo hakuna binadamu atakayeweza kuzipika. Kwa nini mwalimu wa Kamukuywa au Webuye asiwape wanafunzi wake karatasi moja ya mbegu au maelezo ya chupa moja ya dawa, awaambie waiandike upya iweze kusomwa kwenye kioo cha simu, kisha wampelekee mzazi mmoja aifuate huku wao wamenyamaza wakimtazama? Atakapokwama mzazi, hapo ndipo penye kosa la mwandishi. Na mwalimu wa hisabati aalikwe, kwa sababu ambazo nimekwisha kuzikiri.

Picha ile ya ukurasa wa mbele ingali inatembea. Nimeikanusha katika vikundi sita, nimeichapisha upya ikiwa na majina ya mahali katikati ya mahindi yenyewe, na bado ile ya zamani inazidi kuzaana. Msimu uliopita, mwishoni mwa Februari, simu yangu ililia saa kumi na moja alfajiri. Mtu nisiyemjua alikuwa ameileta tena, imefifia kwa kupigwa picha juu ya picha, yale mahindi yaliyonona yamekuwa ukungu wa kijani. Chini yake aliandika, “Mwalimu, hii ni kweli?”

Nilivaa miwani, nikamjibu, “Shikamoo au marahaba, sijui umri wako. Uko wapi?”